Sumu inayoua mbwa na paka wetu hapa Mwanza, nyingi imo ndani ya geti: tuelimishane

Duka la Igoma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nauza dawa za mifugo hapa Igoma, na nilisomea uafisa mifugo kabla ya kufungua duka. Kila mbwa akifa ghafla mtaani, neno la kwanza ni "jirani kamtegea sumu". Kuna siku inakuwa kweli. Lakini watu wanaoingia dukani mbio wakiomba dawa ya kumwokoa mbwa au paka, nikiwauliza maswali mawili matatu, mara nyingi sumu yenyewe inakuwa imetoka kwao: ya panya, ya kupe, ya mende, vidonge vya maumivu, au bomba la kupulizia mchicha lililooshewa uani. Tumeinunua kwa hela yetu, na wengine waliitumia wakiamini wanamtibu mnyama. Hilo ndilo linaloniuma, ndiyo maana naandika.

Naanza na sumu ya panya, kwa sababu mvua zikianza panya wanahamia ndani, na watu wananunua sana.

Zipo aina mbili ninazokutana nazo zaidi. Ya kwanza inazuia damu kuganda. Viambata vyake ni brodifakumu, bromadioloni na jamaa zao. Inakuja kama punje za ngano au vipande vya nta vilivyotiwa rangi ya bluu, kijani au waridi. Ini la mnyama linahitaji vitamini K ili kutengeneza vigandisha damu, na sumu hii inafunga njia ambayo mwili hutumia kuirudisha vitamini hiyo kazini. Mbwa akila leo, leo hana kitu. Kesho anakula, anacheza, anabweka. Huku ndani akiba ya vigandisha damu inapungua, na kuanzia kama siku ya 3 hadi ya 5 ndipo unaona fizi zimepauka, amelegea, anakohoa, anahema, kinyesi cheusi, pengine damu puani. Wakati huo mwenye mbwa ameshasahau kabisa ile sumu aliyoweka nyuma ya friji, na anakuja kuniomba dawa ya nimonia.

Sumu hii ina tiba nzuri, vitamini K1, mradi mnyama afike mapema. Kwa hiyo ukimwona mbwa kaila, mpeleke siku hiyo hiyo akiwa mzima. Usimsubirie dalili.

Aina ya pili ni zinki fosfidi, unga wa kijivu kilichokoza hadi kukaribia weusi. Ukikutana na asidi ya tumboni unatoa gesi ya fosfini. Hii haingoji siku tatu. Ndani ya robo saa hadi saa chache mnyama anatapika, tumbo linajaa, anahema kwa shida, anapata degedege. Matapishi yananuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na hiyo gesi inamdhuru na mtu, kwa hiyo kama unampeleka kwa gari fungua vioo vyote. Haina dawa maalumu ya kuipinga, daktari anapambana na dalili. Usimlishe chochote njiani, chakula kinaamsha asidi na gesi inaongezeka.

Sasa ile inayopita mitaani na spika, "dawa ya panya, kunguni, mende, viroboto", inauzwa kwenye kipakiti kisicho na jina la kiambata wala namba ya usajili. Mbwa akiila, daktari anauliza ni ipi kati ya hizo mbili, na wewe huna jibu. Nawaomba sana, kama lazima ununue sumu, nunua yenye maandishi na utunze pakiti lake hadi sumu itakapoisha.

Nitaendelea na paka baadaye, kuna wateja wameingia.

Baba Kulwa

Mkuu umegusa penyewe. Mimi naweka darini tu, mbwa hafiki. Hapo si niko salama?

Duka la Igoma

Baba Kulwa, darini ni afadhali kuliko sakafuni, ila panya ana tabia ya kubeba. Ile ya punje anaibeba hadi kwenye kiota, na zingine zinadondokea kwenye upenyo wa dari. Halafu panya mwenyewe akilegea anashuka kutafuta maji, na hapo ndipo paka anamkamata kirahisi. Paka anayekula panya wa namna hiyo siku baada ya siku anajikusanyia sumu mwilini.

Ninachowashauri wateja wangu wenye wanyama: mtego kwanza. Pumba na mahindi yaingie kwenye pipa lenye mfuniko, mapanki na utumbo wa samaki visilale uani, matundu ya chini ya mlango yazibwe kwa wavu wa chuma. Ukishaondoa chakula, panya wanapungua kwa kiasi utakachokiona mwenyewe. Kama bado ni lazima sumu, tumia ya vipande vya nta iliyochomekwa kwenye waya ndani ya kiboksi chenye tundu la kuingia panya tu, ukipigilie misumari kisihame, na uvihesabu vipande kila asubuhi. Panya waliokufa wafukie shimo refu.

Kona ya Bwiru

Natofautiana kidogo na mleta uzi kuhusu kukimbilia kwa daktari. Mbwa wangu aliwahi kula sumu, nikamnywesha maziwa nusu lita na mafuta ya kula, akatapika, akapona. Wazee wetu walikuwa wanafanya hivyo na mbwa waliishi.

Duka la Igoma

Kona ya Bwiru, nashukuru umeliweka wazi, kwa sababu hii ndiyo huduma ya kwanza inayotumika karibu kila nyumba. Nafurahi mbwa wako alipona. Yeye alitapika, na huenda alikuwa amekula kidogo, na hayo mawili ndiyo yaliyomwokoa. Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta ni mabaya zaidi, kwa sababu viuatilifu vingi vinayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo unaisaidia sumu kuingia mwilini. Na mbwa aliyelegea ukimmiminia mafuta mdomoni, sehemu inashuka kwenye mapafu, na nimonia ya hivyo ni ngumu kutibu.

Chumvi nayo niitaje, maana wengine wanakoroga vijiko vya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi yenyewe inampa mbwa kutetemeka, degedege na kifo. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa dawa unaotumika kliniki. Ule umetengenezwa maalumu kwa kunasa sumu, huu wa jikoni hauna nguvu hiyo. Na kuna vitu ambavyo mnyama hatakiwi kutapishwa kabisa: mafuta ya taa, petroli, asidi ya betri, magadi ya kuzibulia mabomba. Vilimuunguza vikienda chini, vitamuunguza tena vikipanda, na mafuta ya taa yakigusa mapafu hali inakuwa mbaya zaidi.

Cha kufanya kwa mikono yako ni hiki: mtoe mnyama kwenye hiyo sumu, futa kilichobaki mdomoni kama anakuruhusu bila kukung'ata, piga picha pakiti, kumbuka saa aliyokula na kiasi unachokadiria, mpigie daktari wa mifugo ukiwa tayari njiani. Kama namba ya daktari huna, itafute leo hii wakati mbwa wako ni mzima. Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza.

Paka Wawili

Dada au kaka mleta uzi, ngoja niulize la paka. Wangu alikuwa na homa, nikampa robo ya Panadol kama ninavyowapa watoto. Hajala tangu jana jioni, na uso naona kama umevimba. Je, nimpe nyingine?

Duka la Igoma

Paka Wawili, USIMPE. Acha kusoma uzi, mpeleke kliniki sasa hivi, na mwambie daktari kabisa kwamba amekula parasetamoli, saa ngapi na kiasi gani. Angalia fizi zake: zikiwa za kahawia au za bluu ujue damu haibebi tena hewa vizuri. Kuvimba uso na miguu ni dalili yake pia. Kuna dawa ya asetilisisteini inayosaidia, ila inakimbizana na muda.

Nawaandikia na wengine hapa, na naomba mlisome hili taratibu. Paka si mbwa mdogo. Ini lake linakosa uwezo wa kuzivunja baadhi ya kemikali ambazo mtu na mbwa wanazivunja. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zinatoboa tumbo na kuharibu figo, kwa paka na kwa mbwa pia.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, usimwogeshe paka na ile dawa ya kuulia vijidudu ambayo ukiitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa. Naona watu wengi wanaitumia wakidhani inaua viroboto. Inapita kwenye ngozi, halafu paka anajilamba manyoya na kuimeza.

Na dawa ya kupe ya ng'ombe. Huku kwetu Usukumani kila boma lenye ng'ombe lina hiyo chupa, kwa hiyo paka na mbwa wanaogeshwa na iliyobaki. Nyingi zina sipamethrini au jamaa zake, na paka hazivumilii. Masikio yanaanza kuchezacheza, ngozi ya mgongoni inatetemeka, baadaye mwili mzima, kisha degedege. Zingine zina amitrazi, ambayo inamlegeza mnyama, moyo unapiga polepole na mwili unapoa. Mtu anapima kwa kizibo, hajui chupa ile ina nguvu kiasi gani, na wengine wanaipaka bila hata kuichanganya na maji.

Kama tayari umempaka paka: maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, osha hadi manyoya yasiteleze, kausha kwa taulo, mfunike asipate baridi, nenda kliniki. Asilambe manyoya njiani. Hata dawa ya viroboto iliyoandikwa "ya mbwa" isimguse paka, na kama mbwa na paka wanalala pamoja watenganishe hadi mbwa akauke kabisa.

Maji uliyomwoshea usiyamwage mferejini unaoteremkia ziwani. Sipamethrini kidogo sana inaua samaki.

Mgeni wa Buswelu

Na oili chafu kwa mbwa mwenye upele? Mafundi gereji wote wanapaka, na mbwa wanaota manyoya.

Duka la Igoma

Mgeni, oili chafu inakaa kwenye ngozi, mbwa anailamba, na ndani yake mna mabaki ya chuma na kemikali zilizoungua kwenye injini. Upele unaletwa na wadudu wadogo waliomo kwenye ngozi, na wana dawa zao ambazo daktari anampima mbwa uzito kwanza ndipo anatoa. Kama alishapakwa, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Usimwoshe kwa mafuta ya taa wala petroli.

Mwana Ukerewe

Niongeze la ziwani, maana wenzetu wa mjini huwa hamlioni. Kipindi cha jua kali na upepo umetulia, maji ya pembeni yanakuwa ya kijani kama mtu kamwaga rangi ya ukutani. Yanakusanyika kwenye vighuba na kati ya magugu maji, yananuka. Mbwa wetu wa mwaloni, pale wavuvi wanapopaki mitumbwi, huwa wanakunywa hapo hapo. Mmoja alikunywa asubuhi, mchana akawa anatapika na kuyumba, hakufika kesho yake. Watu wakasema kala dagaa wabovu. Mleta uzi hili unalijua?

Duka la Igoma

Mwana Ukerewe, pole sana, na ahsante kwa kulileta. Siwezi kusema kwa uhakika kilichomuua huyo bila kipimo, lakini ulivyoeleza kunafanana sana na sumu ya mwani. Ule ukijani si majani. Ni vijidudu vinavyoitwa sayanobakteria. Vinapenda joto, maji yaliyotulia na mbolea, na ziwa letu linapokea mbolea ya mashambani na maji taka ya miji. Baadhi yake vinatoa sumu ya ini inayoitwa mikrosistini, na watafiti wameshaipima hapa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza. Vingine vinatoa sumu ya neva, hiyo inaua ndani ya saa chache, wakati mwingine chini ya saa moja.

Mbwa anaumia kuliko mtu kwa sababu mtu akiona maji yale anasogea mbali. Mbwa anaingia, anakunywa, anatoka amelowa, halafu anakaa kivulini anajilamba manyoya yote. Upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, ule ukijani unarundikana ufukweni, mahali penyewe anaponywea.

Kuchemsha hakusaidii. Vijidudu vinakufa, sumu inabaki kwenye maji. Wenye mbwa wa Luchelele, Igombe, Kirumba na visiwani: wawekeeni ndoo ya maji safi nyumbani wasiende ziwani na kiu, na siku mkiona maji ya kijani mfungeni. Akiwa ameshaingia, mwoshe kwa maji ya bomba kabla hajajilamba, vaa glavu au mfuko mkononi. Hakuna dawa ya kuipinga hii sumu, kwa hiyo hapa kinga ndiyo kila kitu. Na ng'ombe na mbuzi wanaonyweshwa ziwani ni hivyo hivyo.

Mkulima Kwimba

Kwetu pamba. Madawa ya pamba tunanunua ya lita, tunagawana kwenye chupa za soda na maji ya kunywa. Tena mbwa wangu nilikuwa namchanganyia mashudu ya pamba kwenye ugali anenepe.

Duka la Igoma

Mkulima, mashudu ya pamba mwachie ng'ombe mkubwa. Mbegu ya pamba ina gosipoli, na tumbo la ng'ombe aliyekomaa linaimudu kwa kiasi, ila mbwa, nguruwe na kuku hawaiwezi. Kwa mbwa inashambulia moyo polepole. Unaona anachoka mapema, anahema, tumbo linajaa maji. Simamisha tu, na mwambie daktari amsikilize moyo.

Mahindi na karanga zenye ukungu nazo usimpe. Tunachagua mazuri tunakula sisi, yaliyooza tunampikia mbwa. Sumukuvu inaharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo upesi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo si kitu cha kumpa kiumbe yeyote.

Dawa ya kupulizia ibaki kwenye chupa yake. Nasema hili kwa ajili ya watoto kuliko hata mbwa. Mbwa aliyekunywa maji ya kuoshea bomba, au aliyelala kwenye mchicha uliopuliziwa ambao dawa haijakauka, unamwona anatoa mate mengi, machozi, anakojoa na kuharisha hovyo, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inarukaruka, halafu kifua kinajaa. Zile dawa za jamii ya fosforasi na kabamati ndivyo zinavyoua. Kliniki wana atropini, inafanya kazi vizuri ikiwahi. Kabla hujamgusa vaa glavu, maana hiyo ngozi yake ina sumu na wewe una ngozi.

Bibi Sungura

Wanangu, mimi ni mfugaji wa sungura na nina kasuku. Mbona mnaongea mbwa na paka tu? Majani ya mparachichi nawapa sungura wangu, wanayapenda.

Duka la Igoma

Shikamoo bibi. Umefanya vizuri kuniuliza. Majani ya mparachichi acha kabisa kuwapa. Yana kitu kinaitwa pasini kinachoharibu misuli ya moyo kwa sungura, mbuzi na ndege, na kwa mbuzi anayenyonyesha kiwele kinavimba. Kasuku asipewe hata tunda lenyewe. Wape sungura nyasi zilizonyauka kidogo na majani ya viazi vitamu.

Kasuku ana hatari nyingine jikoni, ya kikaango kisichogandisha chakula. Kikisahaulika motoni bila kitu ndani kinatoa moshi usioonekana, na ndege anakufa ndani ya dakika chache kwa sababu mapafu yake yanapokea hewa kwa wingi sana. Jiko la mkaa pia lisiwake chumba alichomo.

Bibi Sungura

Marahaba mwanangu. Na minyaa ya uzio je?

Duka la Igoma

Utomvu wake ukiingia jichoni mwa mbwa ni moto, osha kwa maji safi yanayotiririka robo saa bila kuacha, halafu daktari amwangalie jicho. Kuna na mbarika, huo wenye mbegu za madoadoa zinazong'aa. Mbegu ikimezwa nzima inaweza kupita, ikitafunwa inaua. Watoto wa mbwa wanatafuna kila kitu, kwa hiyo kata mashuke kabla hayajapasuka. Na ile mitende mifupi ya mapambo iliyojaa kwenye bustani za Capri Point, majani magumu yanayochoma: mbegu zake zinaharibu ini la mbwa, naye anazipenda.

Kona ya Bwiru

Hili la mate na povu linanitia wasiwasi. Nitajuaje ni sumu na si kichaa cha mbwa?

Duka la Igoma

Swali zuri. Kwa macho huwezi kuwa na hakika, kwa hiyo usitie mkono mdomoni kwa mbwa yeyote anayetoa povu, hasa asiye na chanjo au aliyekuwa anazurura. Sumu inaanza ghafla na inakimbia kwa saa. Kichaa kinakwenda kwa siku: tabia inabadilika, anakuwa mkali au anajificha, sauti inabadilika, taya linalegea. Mfungie chumbani au mfunike kwa blanketi zito, mwite daktari. Akikung'ata au mate yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Baba Kulwa

Mkuu, bado hujagusa wezi. Mtaani kwetu mbwa walirushiwa nyama usiku, asubuhi tukaamka hamna mbwa, hamna televisheni.

Duka la Igoma

Pole sana Baba Kulwa. Mbwa wa ulinzi ashibe kabla hajafunguliwa usiku, na azoeshwe kula kwenye bakuli lake tu, kutoka mkononi mwa mtu mmoja au wawili. Inachukua muda, lakini mbwa anajifunza. Alfajiri zunguka ndani ya ukuta na tochi uokote chochote kilichorushwa.

Akiwa ameshakufa, usimfukie haraka na usimtupe ziwani wala jalalani. Korongo na kunguru wakila watakufa nao, na mbwa wa jirani pia. Mtie kwenye mfuko mahali penye ubaridi, chukua na kipande cha nyama kilichobaki ukiwa na glavu, toa taarifa polisi na kwa daktari wa mifugo. Mwanza tuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari na ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo sampuli haina haja ya kwenda Dar es Salaam. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Mtu anayemuua mnyama kwa mateso ya namna hii anashitakiwa, ila bila ushahidi inabaki maneno ya mtaani.

Paka Wawili

Narudi kutoa mrejesho. Daktari alimpokea jana, fizi zilikuwa kama za chokoleti. Amewekewa dripu na hiyo dawa uliyoitaja. Leo amekunywa maji mwenyewe. Bado yuko kliniki. Mungu akubariki sana.

Duka la Igoma

Amina. Afya ya ini waipime tena kabla hajaruhusiwa. Tuambie akirudi nyumbani.

Mgeni wa Buswelu

Wakuu nisaidieni haraka! Nimerudi nyumbani nimekuta mbwa kachana boksi la sumu ya panya, vipande vya kijani, nadhani kala vinne au vitano. Yuko mzima kabisa, anatikisa mkia. Nimeona maandishi bromadioloni. Ni jioni, nisubiri asubuhi?

Duka la Igoma

Usisubiri. Beba boksi, mpigie daktari ukiwa njiani umwambie hilo jina na uzito wa mbwa kwa makadirio. Akifika ndani ya saa moja au mbili atamtapisha kwa sindano, nusu ya vita inakuwa imekwisha. Usimpe maziwa, usimpe mafuta.

Mgeni wa Buswelu

Tumerudi. Katapishwa, vipande vya kijani vimetoka vingi, kapewa mkaa wa dawa. Tumeandikiwa vidonge vya K1 kila siku kwa wiki nne. Ila vidonge vimekuwa adimu, duka moja wakanipa vitamini K3 wakasema ni ile ile.

Duka la Igoma

Hongera sana kwa kukimbia. Hiyo K3 irudishe, haifanyi kazi kwa sumu hii. Iwe K1 na si nyingine. Ukikosa vidonge, daktari anajua namna ya kutumia ya sindano. Njoo dukani kesho au nipigie kupitia ujumbe wa faragha, nitakusaidia kuulizia kwa wenzangu wa mjini kati.

Vidonge mpe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, vinafyonzwa vizuri zaidi. Hapo sasa mafuta yanaruhusiwa, kwa sababu ni dawa tunayotaka iingie mwilini. Asikimbizane wala kupigana na mbwa wengine mwezi huu, asipigwe sindano kwenye msuli bila daktari kujua, na usikatishe dozi hata ukimwona ana nguvu kuliko wewe. Siku mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho mrudishe akapimwe muda wa damu kuganda. Ikiwa bado inachelewa, ataongezewa wiki nyingine.